Vichupa Kumi na Viwili Visivyo na Namba

Kitu cha kwanza nilichokiona kwake ni kiganja. Kila alipopita mbele ya friza ile kubwa ya sampuli, hata akiwa na haraka, hata akiwa amebeba kitu mkono mmoja, aliuweka mkono wake mwingine mlangoni kidogo, kisha akaendelea na safari yake. Nilikuwa katika wiki yangu ya kwanza kazini, nimetoka chuoni na vyeti vyangu ndani ya bahasha ya kaki, nikadhani ni mazoea ya watu waliokaa sehemu moja miaka mingi. Siku ya nne nikamwuliza. Akaniambia kwamba kipimajoto cha friza hudanganya, betri ikiisha kinaganda kwenye namba ile ile, lakini mlango ukianza kutoa jasho, kiganja kinajua kabla ya mtu yeyote.

"Humo ndani kuna miaka kumi na moja ya wanyama waliokufa," alisema. "Wakiyeyuka, watakuwa wamekufa bure."

Watu wote wa jengo humwita Mama Barafu, ingawa hakuzaa. Dereva wa gari linalosafirisha sampuli kwenye kasha la barafu, ambaye naye huitwa Tairi, humtania kwamba hata akicheka anatoa ukungu mdomoni. Yeye humjibu kwamba afadhali ukungu kuliko moshi wa gari lake.

Jengo lenyewe lina korido moja na milango mitatu. Wa kwanza ni wa Idara ya Wanyamapori, wa pili wa Mifugo, wa tatu wa Afya. Mwisho wa korido, baada ya ndoo za mchanga wa kuzimia moto, kuna chumba cha sampuli, na hicho ndicho cha wote. Serikali iliona, na iliona vizuri, kwamba ugonjwa unaomwangusha nyati hifadhini leo unaweza kuwa kwenye zizi la ng'ombe wiki ijayo na kwenye wodi ya watu mwezi ujao. Basi idara tatu zikaambiwa zifuatilie magonjwa ya wanyama kwa pamoja. Ila kila idara ilihamia na daftari lake, namba zake na fomu za rangi yake. Mnyama mmoja aliyekufa mara moja tu alipewa namba tatu. Tairi husema ni wake wenza watatu wanaotumia jiko moja, kila mmoja na kufuli lake. Mama Barafu ndiye aliyeshika funguo zote.

Kazi yake inaelezeka kwa maneno machache. Askari wa hifadhi wakikuta mzoga, huchukua damu au kipande cha nyama ndani ya kichupa chenye stika ya namba. Vichupa huletwa kwake. Yeye huvipangusa, huviingiza kwenye madaftari yote matatu, huvipanga kwenye kibao chenye matundu, hukiweka kibao ndani ya kasha la barafu na kumkabidhi Tairi avipeleke maabara ya makao makuu, safari inayochukua muda wa saa kumi na moja. Amefanya hivyo miaka kumi na moja bila kupoteza hata kimoja. Hakusomea kazi hii. Aliingia jengo hili na ufagio, akiwa binti wa miaka kumi na saba, mwaka baba yao alipofariki na mama yao alipoanza kuugua mgongo. Alikuwa na mdogo wake wa kiume wa miaka sita, na mtu mmoja katika nyumba ile ilibidi aache shule ili mwingine asome. Aliacha yeye. Fundi wa maabara wa zamani ndiye aliyemfundisha kidogo kidogo, kwanza kuosha vioo, kisha kusoma namba, kisha kushika funguo.

Mdogo wake huyo leo ni askari wa wanyamapori. Dada ndiye aliyemjazia fomu ya kuomba kazi, na ndiye aliyempigia pasi shati la usaili. Kwa hiyo mara nyingi kichupa kilichojazwa na mdogo huko porini kilipokelewa na dada huku chumbani. Wakiongea kwa simu, mdogo humwambia, "Dada, wewe ukifika mbinguni utawapanga malaika kwa namba." Naye humjibu kwamba yeye mdogo atazuiwa mlangoni kwa kukosa stika.

Mwezi wangu wa tatu kazini ulitoka mwongozo mpya wa pamoja, wenye mihuri mitatu. Idara ya Afya iliongeza kifungu chake: kila kichupa kipanguswe kwa spiriti kabla ya kufungashwa, badala ya maji ya klorini yaliyotumika tangu zamani. Idara ya Wanyamapori nayo ikaongeza chake: kwa kuwa stika hubanduka kwenye barafu, askari waandike namba moja kwa moja juu ya kichupa kwa makapeni, ile kalamu ya wino mzito. Vifungu vyote viwili ni vya busara. Nimevisoma mara nyingi tangu siku hiyo. Kimoja kiko ukurasa wa nne, kingine ukurasa wa tisa, na hakuna mtu katika milango yote mitatu aliyevisoma vikiwa pamoja. Vilikutana kwa mara ya kwanza juu ya meza ya Mama Barafu, Jumanne asubuhi.

Wanyama kumi na wawili walikuwa wamekufa kuzunguka bwawa moja la hifadhi ndani ya siku chache. Mdogo wake alikuwa kwenye kikosi kilichokwenda kuchukua sampuli. Vililetwa vichupa kumi na viwili, kimoja kwa kila mnyama, vimepangwa kwenye kibao kwa mfuatano wa namba, pamoja na orodha: namba ya kichupa, aina ya mnyama, alipokutwa, aliyemshika.

Mama Barafu alivitoa vyote kwenye kibao akavitandaza juu ya trei, kama alivyofanya miaka yote, kwa sababu miaka yote stika ndiyo iliyojua kichupa ni cha nani. Akapangusa cha kwanza, pamba ikatoka nyeusi. Akadhani ni tope la bwawani. Akapangusa cha pili, cha tatu. Ana mikono myepesi na alikuwa anasikia Tairi akipiga honi nje, barafu inayeyuka. Alipomaliza cha kumi na mbili ndipo aliposhika kalamu asome namba ya kwanza aiingize daftarini. Hapakuwa na namba. Wino wa makapeni hauwezani na spiriti. Vichupa vyote kumi na viwili vilikuwa safi kabisa, vinang'aa, vinafanana kama mapacha.

Alivirudisha kwenye matundu kwa kadiri alivyokumbuka. Viwili au vitatu vilikuwa vimebiringika hadi ukingoni mwa trei, na hakujua vimetoka tundu gani. Alijiambia atapiga simu makao makuu akiri mapema. Hakupiga. Wiki moja kabla, kwenye kikao, Mkuu wa Wanyamapori alikuwa amesema kwamba siku hizi chumba cha sampuli kinahitaji mtu mwenye digrii, na aliposema hivyo alinitazama mimi. Niliangalia viatu vyangu. Nadhani Mama Barafu aliniona nikiangalia viatu vyangu.

Ijumaa mdogo wake alianguka akiwa doria. Homa kali, macho mekundu, kutapika. Aliwaambia wenzake kwamba kule bwawani glavu yake ilichanika alipokuwa akimgeuza mnyama namba nne, swala jike, na kwamba alinawa mikono tu akaendelea na kazi. Hao wengine wote aliwashika akiwa na glavu nzima. Daktari wa wilaya akamweka chumba cha kutengwa, chenye dirisha moja la kioo linalotazama korido ya hospitali.

Daktari ni mwanamke asiyezungusha maneno. Aliwaeleza mama mtu na dada yake wakiwa wamekaa kwenye benchi. Anachokihofia ni homa ya kutoka damu. Dawa yake ipo, dozi chache, ziko makao makuu, na inasaidia ikianza kabla ya siku ya kumi ya ugonjwa. Lakini ni dawa kali, inaumiza figo, haitolewi kwa kubahatisha. Lazima jibu la maabara litangulie. Damu ya mgonjwa imeshatolewa. Tatizo ni kwamba mashine ya maabara ya Afya imeishiwa vitendanishi, zile kemikali za kupimia kirusi cha homa hiyo, na vingine havitafika kabla ya wiki tatu. Maabara ya wanyama inavyo, ghorofa ya chini ya jengo lile lile la makao makuu. Ila kwa utaratibu, mashine ya wanyama haipokei damu ya mtu bila barua ya pamoja yenye saini za wakuu watatu.

Barua hiyo ikaanza kupigwa danadana kwenye korido yetu. Mkuu wa Afya alisema mwenye mashine aanze kusaini. Mkuu wa Mifugo, ambaye maabara ya wanyama iko chini yake, alisema mwenye mgonjwa aanze. Mkuu wa Wanyamapori alisema askari ni wake lakini homa si yake. Siku nne zikapita. Mama Barafu alikuja kazini kila asubuhi, hata Jumamosi na Jumapili kwa kuwa dharura iliwaweka wakuu ofisini, akasimama kwenye mlango mmoja baada ya mwingine mikono nyuma, akasema shikamoo, akaambiwa suala lake linashughulikiwa. Saa sita alikwenda hospitali. Mdogo wake alikuwa akimwona kupitia kioo na kumpigia simu kutoka kitandani, wote wawili wameshika simu masikioni, hatua nne kati yao. Sauti yake ilikuwa imekauka. Alimwomba amwambie mama asikae kwenye benchi lile, ubao wake unaumiza mgongo.

Jumanne saa tano simu ya makao makuu ikalia kwenye meza yangu. Nikaiweka sauti ya juu wakuu wote watatu wasikie, kwa kuwa siku hiyo walikuwa kikaoni chumbani kwetu. Msimamizi wa maabara ya wanyama alisema vile vichupa kumi na viwili vimepimwa. Kimoja kina kirusi. Kumi na moja ni salama. Namba zilikuwa zimefutika, inaonekana maji ya barafu yaliingia kashani, lakini tusiwe na wasiwasi, kibao kilifika kimesimama wima na mpangilio wa matundu haukuvurugika. Wamefuata matundu. Chenye kirusi kilikuwa tundu la tisa, na namba tisa kwenye orodha ni ngiri. Tundu la nne, swala jike, ni salama.

Sijawahi kuona watu wa milango mitatu wakifurahi pamoja. Mkuu wa Mifugo alirudisha kifuniko kwenye kalamu yake, akasema afadhali, maana hata hakujua angesaini kama nani. Barua ikarudi ndani ya jalada. Simu ikapigwa hospitali. Daktari akasema kama ni hivyo basi huenda ni homa ya kawaida iliyompata vibaya. Kesho asubuhi atamtoa kwenye chumba cha kutengwa, na akiendelea vizuri, keshokutwa aende nyumbani akauguzwe na mama yake. Nilisikia kwa mbali, kwenye simu ya daktari, mama mtu akicheka na kumshukuru Mungu kwa sauti.

Mama Barafu alikuwa amesimama kwenye sinki akiosha kibao kingine. Hakugeuka. Wakuu walipotoka kwenda kunywa chai, alikuja kwenye meza yangu akavuta kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Hayakuwa maji ya barafu," alisema. "Nilizifuta mimi. Na hayo matundu niliyapanga mimi, kwa kukisia."

Akanieleza yote, pamba nyeusi, trei, honi. Nilimsikiliza hadi mwisho. Kisha nikasema neno ambalo nalijutia hadi sasa: nikamwambia labda alikumbuka vizuri, labda alivirudisha sawasawa, na namba nne kweli ni salama.

"Labda," alisema. "Nimeomba hiyo labda tangu saa tano."

Nilijua anachokipima, na hakukuwa na haja ya kukitaja. Akinyamaza, kazi yake inabaki, jina lake linabaki, mama yake anaendelea kucheka, na mdogo wake huenda ni mzima. Akisema, hakuna kinachobaki ila kutojua. Alivua koti lake jeupe, akalikunja, akaliweka juu ya kiti. Akatoka.

Aliwakuta wakuu watatu kwenye korido, vikombe mkononi. Nilimfuata hadi mlangoni. Aliwaeleza kwa utaratibu, kama anavyosoma daftari, kuanzia Jumanne ya wiki iliyopita. Alipomaliza, Mkuu wa Wanyamapori alimwuliza kama anaelewa anachokisema.

"Kile kichupa cha tundu la tisa kinaweza kuwa cha mnyama yeyote," alijibu Mama Barafu. "Kinaweza kuwa cha yule swala wa mdogo wangu."

"Siku zote hizi ulikuwa wapi?" aliuliza Mkuu wa Afya. "Kwa nini unasema leo?"

"Kwa sababu keshokutwa mnampeleka kwa mama yetu."

Hakuna aliyegusa chai yake. Mkuu wa Mifugo ndiye aliyeingia ofisini kwake akatoka na lile jalada. Walisaini na kugonga mihuri pale pale kwenye korido, wamebana karatasi ukutani kwa kukosa meza, mmoja baada ya mwingine. Barua iliyoshindikana siku nne ilimalizika kabla vikombe havijapoa. Mkuu wa Afya aliomba mwongozo wa pamoja, akafungua ukurasa wa nne, kisha wa tisa, kisha akarudi tena wa nne. Halafu Mkuu wa Wanyamapori akamwambia Mama Barafu akabidhi funguo na aandike maelezo, na kwamba hadi hapo asiingie chumba cha sampuli. Alizikabidhi kwangu. Ni nzito kuliko nilivyodhani.

Tairi aliondoka mchana ule na damu ya mgonjwa kwenye kasha na barua ndani ya shati lake. Safari hii hakumtania mtu.

Kumwambia mama ilikuwa kazi ya Mama Barafu mwenyewe, na hakutaka mtu amsaidie. Nilikuwa nimekwenda naye hospitali kumpelekea daktari nakala ya barua, kwa hiyo nilisikia. Mama mtu alikuwa tayari ameleta shati safi la mwanawe, ameliweka mapajani.

"Mama, hatoki kesho," alisema binti yake.

"Nani kasema?"

"Mimi."

Akamweleza sababu. Mama alilikunja shati mara mbili, tatu, mpaka likawa dogo kama kitabu. Hakumfokea. Alisema tu, bila kumtazama, "Ungenyamaza ningefurahi mpaka kesho." Kisha akasogea akakaa mwisho wa benchi. Hawajaongea tena.

Mdogo naye aliambiwa kwa simu, kupitia kioo. Alisikiliza amefumba macho. "Kumbe hata wewe unakosea namba, Dada," alisema, akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na muuguzi akamwonyesha dada mtu kwa kidole kwamba imetosha.

Jana asubuhi muuguzi alikuta damu kwenye foronya, fizi zinavuja. Daktari alisema inaweza kuwa dalili, na inaweza kuwa ni kukosa maji mwilini na midomo kupasuka. Alisema hivyo kwa upole mno, mtu asiyezungusha maneno, na ndipo sote tulipoogopa kweli. Jana hiyo hiyo makao makuu walisema barua imefika lakini muhuri mmoja haukukolea, wathibitishe kwanza. Mkuu wa Mifugo aliwapigia simu mwenyewe. Nilimsikia kupitia ukuta, na sikujua kwamba anaweza kupaza sauti kiasi kile. Jioni wakaipokea damu. Leo saa tatu asubuhi wakaiingiza kwenye mashine. Wamesema inachukua saa tano.

Ninaandika haya nikiwa kwenye korido ya hospitali, nimeomba ruhusa kazini. Leo ni siku ya saba ya ugonjwa. Tairi yuko makao makuu, ameegesha nje ya mlango wa maabara, kasha lina barafu mpya, na amesema injini haizimi mpaka aambiwe ama abebe dawa ama arudi mikono mitupu. Akiibeba mchana huu, itafika kesho, siku ya nane. Mama mtu amekaa mwisho wa benchi. Mama Barafu amesimama kwenye kioo. Tangu juzi hajui mikono aiweke wapi. Anaifunga kifuani, anaifungua, anaishikisha kwenye khanga. Mdogo amelala ameelekea upande wetu, macho yamefunguka kidogo, sijui kama anatuona.

Daktari ameiweka simu yake juu ya kizingiti cha dirisha, mahali pekee mtandao unaposhika humu ndani. Dakika kumi zilizopita iliwaka, na mimi, mama mtu na Mama Barafu tukaisogelea. Ulikuwa ujumbe wa kampuni ya simu unaotangaza vifurushi. Daktari aliufuta, akairudisha pale pale, akaigeuza kioo juu ili kila mtu aione.

Sasa ni saa nane kasoro dakika nne. Mama mtu ameuliza, bila kumtaja mtu, kama simu ina chaji ya kutosha. Mama Barafu amejibu kwamba inayo, ameiangalia. Saa tano zinatimia saa nane.